Chapati laini za ngano isiyokobolewa, kuanzia gunia hadi kikaangio

Hapa Moshi wateja wangu huniuliza chapati za kahawia zinakuwaje laini, maana walizojaribu nyumbani zilikakamaa kabla hazijapoa. Kazi yote iko mashineni na kwenye maji ya kukandia. Nawaelekeza ninavyofanya mwenyewe.

Kwanza ujue unalinda nini. Ganda la punje ya ngano ni kama asilimia 14 ya uzito wake, na kiini, yaani ile sehemu inayoota, ni asilimia 2 hadi 3 tu. Sehemu iliyobaki ni wanga mweupe na protini. Ukikoboa, ganda na kiini huishia kwenye pumba za ng'ombe, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya chuma, zinki, magnesiamu na vitamini za kundi B. Gramu 100 za unga usiokobolewa zina nyuzinyuzi gramu 11 hivi. Unga mweupe una karibu gramu 3. Protini ni gramu 13 kwenye usiokobolewa, 10 kwenye mweupe. Nishati karibu inalingana, kwa hiyo asije mtu akala chapati nne kwa sababu tu ni za kahawia.

Hatua ya 1: Kuchagua. Ngano ya wilayani Siha mimi huipata sokoni Mbuyuni, hapa Moshi. Shika konzi moja, puliza vumbi, nusa. Punje ziwe nzito, zimejaa, hazinuki uvundo. Ng'ata moja: iliyokauka vizuri hukatika kwa mlio, ikibonyea, iache, itaota ukungu.

Hatua ya 2: Pepeta kwa ungo, toa mawe, suuza upesi, kisha anika kwenye turubai safi hadi ikauke kabisa.

Hatua ya 3: Kusaga. Mwambie mangi wa mashine asikoboe, asage kama dona, na aweke chekeche la matundu madogo kabisa. Kama ametoka kusaga mahindi, unga wa mwanzo utoe pembeni, upikie uji. Ukishika unga wako ukasikia chenga kubwa vidoleni, urudishe usagwe tena. Chenga hizo hukata donge, na chapati hupasuka unapoisukuma.

Saga wa kutosha wiki mbili tu. Kiini kina mafuta, na yakikaa kwenye joto unga huwa mchungu. Kwenye friji hudumu zaidi.

Hatua ya 4: Kukanda. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Pumba hunywa maji polepole, kwa hiyo maji yanayotosha unga mweupe hayatoshi huu. Kwa kilo 1 andaa maji ya vuguvugu kama mililita 700, chumvi kijiko kidogo na mafuta vijiko vitatu vya chakula. Mimina kidogo kidogo. Acha donge likiwa linanata vidoleni. Usikimbilie kuongeza unga! Lifunike kwa kitambaa kibichi kwa saa nzima. Ukirudi utakuta halinati tena na linavutika. Anayeanza achanganye nusu kwa nusu na unga mweupe, familia izoee.

Hatua ya 5: Kata madonge, sukuma, paka mafuta, kunja, yapumzike dakika kumi, sukuma tena. Kikaangio kiwe cha moto wa kutosha. Moto mdogo hukausha chapati. Ikitoka, ifunike kwenye hotipoti mara moja.

Hatua ya 6: Kuila. Ngano ina upungufu wa laisini, kijenzi kimoja cha protini, na maharage yanayo tele. Vikikaa sahani moja vinakamilishana. Pumba pia zina fitati, ambayo huzuia chuma kisifyonzwe vizuri. Weka kachumbari yenye ndimu au kula chungwa, maana vitamini C husaidia chuma kupita. Chai ya rangi isubiri kama saa moja, kwani nayo hukizuia.

Mjamzito namwambia wazi: unga mweupe wa viwandani huongezwa chuma na asidi ya foliki, huu wetu wa mashineni hauongezwi kitu. Asiache vidonge vya kliniki.

Na mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake hudhurika na gluteni, protini ya ngano, asile ngano kabisa, hata hii. Ulezi unamfaa, tena una kalisi kama mara kumi ya ngano, ila usisagwe kwenye mashine inayosaga ngano.