Somo: Kupanga safari ya kwanza ya familia Walt Disney World, Florida (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila likizo ya shule inapokaribia, napokea maswali yale yale kutoka kwa familia zetu zinazoishi Houston, Minneapolis na Columbus, na kutoka kwa jamaa wanaokuja kututembelea kutoka Dar es Salaam na Mombasa. Nimechoka kuyajibu moja moja, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Kwanza ieleweke kwamba mahali hapa, palipofunguliwa karibu na Orlando mwezi Oktoba 1971, si bustani moja ya michezo bali ni nne, na kila moja inameza siku nzima: Magic Kingdom, EPCOT iliyofuata mwaka 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Familia yenye watoto wadogo inayokuja kwa mara ya kwanza ichague Magic Kingdom na Animal Kingdom, iweke siku moja ya kupumzika katikati, na hizo nyingine ziachwe. Najua mtasema mmesafiri mbali na mnataka kuona kila kitu. Mtoto wa miaka mitano aliyetembezwa juani siku nne mfululizo haoni kitu. Analia tu, na wazazi wanaanza kulaumiana.

Hatua ya kwanza: chagua tarehe. Bei ya tiketi hubadilika kulingana na siku, na wiki ya Krismasi ni ghali na imejaa watu kuliko karibu siku zote za mwaka. Mwisho wa Agosti na Septemba watu hupungua, lakini huo ni msimu wa joto kali na vimbunga.

Hatua ya pili: nunua tiketi. Mtoto aliye chini ya miaka 3 huingia bila tiketi, wa miaka 3 hadi 9 analipiwa bei ya mtoto, na kuanzia miaka 10 analipiwa bei ya mtu mzima. Usinunue tiketi iliyobaki siku kadhaa kutoka kwa mtu uliyekutana naye mtandaoni, hata akikuonyesha risiti, kwa sababu tiketi iliyokwisha kutumiwa hairuhusiwi kuhamishwa kwa mtu mwingine.

Hatua ya tatu: pima watoto nyumbani, wakiwa wamesimama wima ukutani, kabla hujawaahidi mchezo wowote. Treni za kasi za Space Mountain na Expedition Everest zinataka urefu wa sentimita 112, ilhali treni ndogo ya Barnstormer inakubali kuanzia sentimita 89. Mlangoni kuna kipimo na mfanyakazi hapindishi hata kidogo.

Hatua ya nne: chakula. Unaruhusiwa kuingia na chakula chako na vinywaji visivyo na kilevi, mradi hakuna chombo cha kioo wala barafu iliyomwagwa ovyo kwenye kisanduku. Chapati zilizokunjwa kwenye karatasi ya foili na sambusa kavu zinafika mchana zikiwa salama. Maji baridi ya kunywa hutolewa bure kwenye migahawa ya huduma ya haraka. Omba kikombe tu.

Hatua ya tano: kufika. Hapa naomba msome polepole, kwa kuwa ndipo siku yetu ya kwanza ilipoharibika, na ndipo ninapoona familia nyingi zikiharibikiwa. Kuegesha gari Magic Kingdom si kufika Magic Kingdom. Maegesho yapo ng'ambo ya ziwa, kwenye kituo kiitwacho Transportation and Ticket Center. Ukishaegesha, unakwenda hadi kituoni, unapita ukaguzi wa mifuko, unapanga foleni ya feri au ya monoreli (treni inayopita juu ya reli moja), unavuka au kulizunguka ziwa, ndipo unafika kwenye geti ambako tiketi inakaguliwa. Ukiwa na kigari cha mtoto na mtoto anayetaka kwenda chooni, haya yote yanaweza kukumeza saa nzima. Kwa hiyo, bustani ikifunguliwa saa tatu asubuhi, gari lako liwe limeegeshwa kabla ya saa mbili. Onyo: usimpangie mtu kukutana naye "getini" bila kutaja geti lipi, la upande wa maegesho au la bustani yenyewe. Onyo la pili: piga picha ya jina la eneo na namba ya safu uliyoegesha, kwa sababu usiku, watu wote wanapotoka kwa pamoja baada ya fataki, hutakumbuka. Onyo la tatu: ile saa ya kwanza baada ya kufunguliwa ndiyo yenye foleni fupi kuliko saa nyingine za mchana, na anayeikosa hulipia pesa kile ambacho angekipata bure.

Hatua ya sita: mvua. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua ya radi hunyesha alasiri nyingi, na michezo ya nje husimamishwa. Beba makoti mepesi ya mvua kutoka nyumbani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Columbus: Mtoto wangu ana miaka miwili na nusu. Analipa?

Jibu: Hatua ya pili, kaka.

Mwanachama, Houston: Dada, umeacha Lightning Lane, ile njia ya kulipia ili kukwepa foleni ndefu. Tuilipie au tusilipie?

Jibu: Kama mtafika mapema, siku ya kwanza haihitajiki. Mkiamua kulipia ile ya Multi Pass, yaani ya michezo kadhaa kwa pamoja, wanaolala kwenye hoteli za Disney huchagua michezo yao siku 7 kabla, na wengine siku 3 kabla, kuanzia saa moja asubuhi kwa saa za Florida. Kwenu Houston hiyo ni saa kumi na mbili, kwa hiyo tegeni saa vizuri.

Mwanachama, Minneapolis: Sisi tulilala hoteli ya nje kwa bei nafuu na mambo yalikwenda vizuri. Mbona unawatisha watu?

Jibu: Sijasema popote kwamba hoteli ya nje ni mbaya. Nimesema mtu ahesabu muda. Anayelala nje hulipia maegesho kila siku na hapati ile nusu saa ya kuingia mapema waliyopewa wageni wa hoteli za ndani. Akijumlisha hayo na bado akaona ni nafuu, alale nje.

Mwanachama, Houston: Nina kichanga na kijana wa miaka 9 anayependa treni za kasi. Je, mzazi mmoja atakaa nje siku nzima?

Jibu: Swali zuri sana, na ahsante kwa kuuliza. Upo utaratibu wa bure uitwao Rider Switch. Mwambieni mfanyakazi mlangoni kabla ya kuingia foleni. Baba anaingia na kijana, wewe unabaki na kichanga, na akitoka wewe unaingia bila kurudia foleni ya kawaida. Tumieni muda wa kusubiri kunyonyesha, kwani kila bustani ina kituo cha watoto chenye chumba cha kunyonyeshea na meza za kubadilishia nepi.

Mwanachama, Columbus: Shikamoo. Bibi anakuja kutoka Mombasa na magoti yanamsumbua. Atafurahia nini?

Jibu: Marahaba. Kodisheni kiti cha magurudumu mlangoni asubuhi, kabla havijaisha. Animal Kingdom mpelekeni Kilimanjaro Safaris mapema, wanyama wakiwa bado wanatembea; ni lori la wazi linalozunguka mbuga ya hekta 45 hivi, nalo linaanzia Harambe, mji wa kubuni wenye kuta zilizochakaa ambazo mtu wa pwani yetu atazitambua mara moja. Magic Kingdom ana treni ya mvuke inayozunguka bustani kwa takriban kilomita 2.4, yenye injini zilizoundwa na kampuni ya Baldwin kati ya 1916 na 1928 na kufanya kazi Yucatan, Mexico, kabla ya kuletwa Florida. Angalieni kwenye programu ya simu kama inatembea siku hiyo, maana husimamishwa wakati wa ukarabati.

Mwanachama, Columbus: Na feri, kiti kitaingia?

Jibu: Kinaingia moja kwa moja. Mwekeni sitaha ya chini, upande wa mbele, aione ng'ambo.