SOMO: Kununua vani kuukuu ya spea na kuikokota hadi nyumbani (someni kabla ya kunifuata inboksi)

Wakuu, habari zenu. Kila wiki kuna mtu ananiuliza: "Nimepata vani bovu, nataka nilichinje spea, naanzaje?" Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu, asininunie.

1. Andika orodha ya unachotaka kabla ya kwenda kuliona. Kama shida yako ni altaneta peke yake, nunua altaneta.

2. Linganisha namba, usilinganishe sura. Vani mbili za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kuwa na injini tofauti, gia boksi tofauti, hata difu (boksi la gia kwenye ekseli) yenye meno tofauti. Piga picha alama ya aina ya injini iliyogongwa kwenye bloku na kibati cha chesisi, ukalinganishe na la kwako.

3. Karatasi. Namba ya chesisi ifanane na ya kwenye kadi, na mwenye jina kwenye kadi ndiye akuuzie. Andikishianeni. Ukikuta namba imekwanguliwa, ondoka, hata kuaga usiage.

4. Kagua kabla hujatoa hela. Injini isiyowaka izungushe kwa spana kwenye nati ya puli ya kranki, gia ikiwa nyutro. Ikizunguka, walau haijakamata. Chomoa kijiti cha oili: ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, teremsha bei au achana na injini hiyo. Kisha piga jeki gurudumu moja moja, uzungushe kwa mkono. Gari lililokaa nje na handbreki imevutwa, viatu vya breki huganda kwenye drumu. Legeza adjasta, gonga drumu kwa nyundo kuzunguka pande zote, huwa linaachia. Tairi zijaze upepo siku moja kabla uone kama zinashika, na usome tarakimu 4 za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni mwa tairi: 3512 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2012. Nyuzi za ndani ya mpira zikionekana, nenda na tairi zako.

5. Kukokota. Hapa ndipo nilipoua gia boksi ambayo ndiyo niliyolinunulia gari zima, kwa hiyo nisikilizeni. Otomatiki ina pampu ya oili inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala. Magurudumu yanayosukuma gari yakiburuzwa barabarani yanazungusha vyuma vya ndani vikavu, vinaungua na wewe huko mbele husikii kitu. Kama gari linasukumwa na magurudumu ya mbele, mbele kuinuliwe. Kama ni ya nyuma, inua nyuma au toa propela shafti (chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu). Linalosukumwa na yote manne, lipande juu ya lori, hakuna mjadala.

Kutoa shafti kwenyewe ni kazi ndogo ila ina mitego. Kwanza weka vigingi kwenye magurudumu, KABLA hujalala chini. Shafti ikishatoka, gia haishikilii gari tena, hata otomatiki ukiiweka P ni bure. Weka alama ya rangi kwenye flenji (pale shafti inapofungwa kwa boliti) ili irudi ilivyokuwa, halafu fungua boliti za upande wa difu. Ukichomoa upande wa gia boksi oili itamwagika, ziba mkia kwa mfuko wa nailoni na ufunge kwa mpira wa tyubu.

Mengine ya kukokota: fungia kwenye ndoano ya chesisi, kamwe si kwenye bampa wala rodi za stelingi. Ufunguo ubaki kwenye swichi, umefunguliwa, la sivyo usukani unajifunga kwenye kona. Anayeshika usukani wa gari linalovutwa awe dereva kweli, maana bila injini breki inakuwa ngumu baada ya kukanyaga mara chache na usukani unakuwa mzito. Chuma cha kukokotea ni bora kuliko kamba. Na ulizeni sheria ya huko mliko. Kuna sehemu gari lisilo na bima halikanyagi lami hata likivutwa.

6. Mwendo wa polepole, hazadi zikiwaka. Simama baada ya mwendo kidogo ushike ringi kwa mkono. Ikiwa ya moto, breki inashika.

MASWALI

Kobe_Mbio: Uzi mrefu mkuu. Kwa kifupi, otomatiki inavutika kwa kamba au la?

Mtoa mada: Hatua ya 5.

Kobe_Mbio: Mbona jirani yangu alivuta yake na inatembea hadi leo?

Mtoa mada: Basi muulize jirani.

Binti_Spana: Shikamoo fundi. Na gia boksi ya manyuo (ya kubadilisha kwa mkono) je? Nilidhani ikiwa nyutro hakuna kinachozunguka.

Mtoa mada: Marahaba, swali zuri. Nyutro inatenganisha injini tu. Magurudumu ya nyuma bado yanazungusha shafti ya kutokea. Ile shafti ya chini, ambayo gia zake zinachota oili na kuirusha juu, imesimama, kwa hiyo beringi za juu zinapata oili kiduchu. Mwendo mfupi wa taratibu nyingi huvumilia. Safari ndefu, toa propela shafti.

Tajiri_Kesho: Bei?

Mtoa mada: Ya nini?

Mzee_wa_Skrepa: Niongezee. Gari la ufunguo wa chipu, chukueni ufunguo na kontrol boksi (kompyuta ya injini) pamoja, msitenganishe. Na nyaya msizikate karibu na plagi, acheni urefu wa shubiri, siku ya kuunga mtanishukuru.

Mtoa mada: Kweli mzee. Na boliti zirudisheni kwenye matundu yake kwa vidole mara tu kifaa kikitoka. Kopo la boliti mchanganyiko halimsaidii mtu.

Binti_Spana: Likishafika, naanza kutoa nini?

Mtoa mada: Betri, waya wa hasi kwanza, na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa eabegi. Halafu mwaga oili na kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) kwenye madumu yenye vifuniko. Kulanti ina utamu, na mbwa au paka akiilamba inamuua. Gesi ya eisii (kiyoyozi) usiiachie hewani, muite fundi mwenye mashine aivute. Milango na vioo ndiyo vya mwisho, vinakuzuilia mvua isiingie kwenye nyaya.