Panya wa uwani mmoja: namna ya kuripoti na kuwamaliza, Jiji la Tanga

Nyumba nyingi ninazoitwa Ngamiani na Makorora uwani wao ni mmoja, mabati yanagusana, na mtaro unapita nyuma ya vyoo vya nyumba tatu nne. Ukitega kwako peke yako, panya wanahamia kwa jirani, kisha wanarudi. Kwa hiyo mimi huanzia serikali ya mtaa kabla sijafungua mkoba wa mitego.

Hatua ya 1: Mjue mgeni wako

Panya wa darini ana mkia mrefu kuliko mwili, na huacha mstari mweusi wa mafuta kwenye boriti anazopita. Wa mtaroni ni mnene, masikio madogo, huchimba shimo karibu na choo au karo. Mwenye pua ndefu iliyochongoka na harufu kali ni kirukanjia. Huyo anakula wadudu, mwache. Jioni nyunyiza unga kando ya kuta, asubuhi utaona nyayo zinakotoka. Piga picha.

Hatua ya 2: Ripoti kwa maandishi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 inampa afisa afya uwezo wa kukagua eneo na kumwandikia mhusika notisi ya kuondoa kero, na halmashauri nayo ina sheria ndogo za usafi. Lakini malalamiko ya barazani hayaingii kwenye faili. Nilimkuta mama mmoja aliyelalamika kwa mdomo tangu masika, na ofisini hakuna aliyekumbuka. Andika barua kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa afisa afya wa kata:

*YAH: KERO YA PANYA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa nyumba namba …, mtaa wa …. Tangu tarehe … tunaona panya wakitoka kwenye lundo la taka na karo lililopasuka nyuma ya nyumba yetu. Wameharibu chakula na kutoboa mapipa ya maji. Tunaomba eneo likaguliwe na mhusika apewe maelekezo. Picha zimeambatishwa.*

Taja mahali, usimshambulie mtu. Wanaotumia uwani huo wote waweke saini, wapangaji pia. Huhitaji kuwa mwenye nyumba ili kuripoti. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Siku ya ukaguzi uwepo, na uulize notisi imetoa muda gani.

Lipo jambo moja lisilosubiri barua: ukiona panya wanakufa ovyo na hakuna aliyeweka sumu, usiwaguse. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, au nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tauni huanza hivyo. Lushoto, mkoa wetu huu huu, ilizuka mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa miaka mingi. Na mwenye homa aliyekuwa akishika maji ya mtaro amweleze daktari, kwa sababu homa ya mgunda, iliyothibitishwa Ruangwa mwaka 2022, huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo.

Hatua ya 3: Wanyime chakula na njia

Taka ziwe na mfuniko, nafaka kwenye ndoo ngumu. Panya mdogo wa nyumbani hupita tundu la milimita 6, basi ziba kwa saruji iliyochanganywa na wavu wa chuma. Mbao na matambara wanatafuna. Kata matawi ya mwembe yanayogusa paa.

Vinyesi usivifagie vikavu. Vaa glovu, nyunyizia klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa 9 za maji, subiri dakika 5, ufute.

Hatua ya 4: Tega, nyumba zote usiku mmoja

Mtego wa kubana uegemee ukuta, chambo kipande cha nazi iliyochomwa au dagaa mkavu. Siku mbili za mwanzo weka chambo bila kuutega, wazoee.

Sumu iwe ya mwisho. Nunua iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye lebo. Kataa vipakiti vya wachuuzi visivyo na jina. Iwekwe ndani ya kisanduku ambacho mtoto, kuku na paka hawafiki. Sumu nyingi za panya huua baada ya siku kadhaa, kwa hiyo kila asubuhi tafuta mizoga mpaka darini, uizike mbali na kisima.

Hatua ya 5: Rudia unga

Nyunyiza tena usiku 7 mfululizo. Nyayo zikionekana, fuata zinakotoka. Kama ni kwenye lile karo la kwenye barua na muda wa notisi umekwisha, rudi kwa afisa afya na nakala yako yenye muhuri, uombe ukaguzi wa pili.