Somo: Haibridi ya Kuchaji au SUV ya Petroli? Anza na Mahali Gari Linapolala

Wengi wanaotafuta gari la familia huanza na picha za magari yaliyotumika Japani, wakaja kufikiria umeme gari likiwa limekwisha kushuka bandarini Dar es Salaam. Mimi naomba twende kinyume chake. Haibridi ya kuchaji (kwa kifupi PHEV) ni gari lenye injini ya petroli pamoja na betri inayochajiwa kwa umeme wa ukutani; isipochajiwa ni gari la petroli lililobebeshwa betri nzito, kwa hiyo swali la mwanzo kabisa ni gari litalala wapi na soketi iko umbali gani kutoka hapo. Kwa mfano nitatumia Mitsubishi Outlander PHEV iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013, kwa sababu nimeitumia kwa miaka kadhaa, nikiilinganisha na SUV ya petroli ya cc 2000 kama Nissan X-Trail.

Hatua ya kwanza: pima safari zako za kila siku. Andika kilomita za wiki mbili kutoka kwenye dashibodi, bila kukadiria. Betri ya Outlander za mwanzo ni ya kWh 12, na japokuwa vipimo vya Japani viliipa kilomita 60.2, katika foleni zetu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, mimi hupata kati ya 35 na 40. Anayetoka Kimara kwenda Posta na kurudi, akipitia shuleni kushusha watoto, hutembea kama kilomita 36, na huyo anaweza kumaliza siku nzima bila injini kuwaka isipokuwa akikanyaga mafuta kwa nguvu.

Hatua ya pili: kagua umeme wa nyumba, na hapa nawasihi msiharakishe. Nilipoanza nilichaji kwa soketi ya kawaida ya sebuleni kupitia ekstensheni iliyopita dirishani. Wiki ya tatu nilisikia harufu ya plastiki usiku. Nilipochomoa plagi nilikuta tundu moja la soketi limegeuka kahawia na kuvimba pembeni, na waya wa ekstensheni ni wa moto kiasi cha kushindwa kushikika, ilhali watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Soketi inayovumilia pasi kwa dakika 20 haikuandaliwa kubeba mzigo mkubwa kwa saa tano mfululizo. Mwite fundi aliyesajiliwa avute laini ya peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, yenye breka yake na waya mnene unaofaa, na apime ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini), kwa kuwa chaja nyingi hukataa kabisa kufanya kazi zisipoona ethi nzuri. Soma pia maandishi kwenye chaja iliyokuja na gari: Japani hutumia volti 100 na 200, nasi tunatumia 230, hivyo chaja isiyoandikwa kuwa inafika volti 240 iachwe.

Hatua ya tatu: piga hesabu, ukiweka na ile gharama ambayo watu huisahau. Kuijaza betri kutoka ukutani huchukua kama uniti 11 (uniti moja ni kWh moja). Kwa siku 22 za kazi hizo ni uniti 242 kwa mwezi, na kaya iliyozoea ruzuku ya matumizi yasiyozidi uniti 75, ambako uniti moja pamoja na kodi ni kama shilingi 122, itahamishiwa daraja la kawaida ambako uniti ni kama shilingi 356. Maana yake hata taa na friji utavilipia bei hiyo mpya. Umeme wa gari utakuwa kama shilingi 86,000, na ukiongeza ile nyongeza ya nyumbani, tuseme 16,000, jumla inafika 102,000. SUV ya petroli inayokwenda kilomita 9 kwa lita katika foleni, kwa kilomita 792 za mwezi huohuo, itakunywa lita 88. Tukikadiria lita kuwa shilingi 3,000, ni 264,000. Unaokoa kama 160,000 kwa mwezi. Sasa ingiza magari yote mawili, ya mwaka uleule wa kutengenezwa, kwenye kikokotoo cha kodi za magari cha TRA (Mamlaka ya Mapato), bila kusahau ushuru wa uchakavu unaotozwa magari yaliyozeeka. Kama haibridi imezidi kwa milioni 6, utazirudisha kwa miaka mitatu na ushei.

Hatua ya nne ni kukagua gari lenyewe. Mwombe muuzaji usomaji wa uwezo wa betri uliochukuliwa kwa kifaa cha kupimia. Ikiwa mpya ni Ah 40 (Ah ni kipimo cha kiasi cha umeme ambacho betri hubeba); ikisoma 28 imebaki asilimia 70, nazo kilomita zako zitapungua kwa kadiri hiyohiyo. Asiyekubali kupima, mwache na gari lake.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mbeya: "Kaka, mimi hushuka Dar mara mbili kwa mwezi na familia ya watu saba. Nichukue ipi?"

Petroli, ndugu yangu, bila kusita. Safari yako inazidi kilomita 800, na betri itakusaidia mwanzoni tu. Ukishuka mlima Kitonga itajirudishia umeme kidogo na breki zako zitapumzika, jambo ambalo kwa kweli linapendeza, lakini halitoshi kulipia tofauti ya bei. Isitoshe Outlander PHEV za kizazi kile zina viti vitano, tangi la lita 45 na hazina tairi la akiba. Fikiria kupasukiwa na tairi usiku katikati ya hifadhi ya wanyama ya Mikumi.

Mwanachama wa Sinza: "Nimepanga ghorofa ya pili, na LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) tunachangia wapangaji wanne. Naweza kukubaliana nao?"

Naona utaleta ugomvi ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu gari lako peke yake litatumia umeme kuliko wenzako wote. Ukipata mita yako na maegesho ya uhakika tuzungumze upya. Kwa sasa tafuta haibridi ya kawaida, isiyohitaji kuchomekwa.

Mwanachama wa Tanga: "Mwalimu, betri ikifa nimebaki na chuma?"

Mara nyingi haifi ghafla, bali hupungua mwaka hadi mwaka, na gari huendelea kutembea likitegemea injini zaidi. Hofu yangu kubwa ni mafundi. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme wa volti 300 hivi, wenye uwezo wa kuua, kwa hiyo kabla ya kununua hakikisha mjini kwenu yupo fundi aliyefundishwa kazi hiyo, umwone kwa macho yako akiwa na glavu zake za kuzuia umeme.

Mwanachama wa Kigamboni: "Umeme ukikatika, kweli naweza kuwasha friji kutoka kwenye gari?"

Baadhi yana soketi ya wati 1500, lakini ni ya volti 100 za Kijapani. Friji yako ya volti 230 itahitaji transfoma ya kupandisha umeme katikati, nayo iwe na uwezo wa kuhimili ule mshtuko wa kompresa inapoanza kuzunguka.