Gari la otomatiki likigoma mlimani: jinsi ya kutafuta tatizo la giaboksi

Injini inanguruma, mizunguko inapanda, gari halisogei. Wengi wakifika hapo huzidi kukanyaga, na giaboksi huungua. Kwenye mlima mkali nje ya barabara, chanzo mara nyingi ni mafuta ya giaboksi: yamepungua, yamechemka, au pampu imevuta hewa. Yachunguze kabla hujamruhusu mtu kushusha giaboksi.

Hatua ya 1: Teremka salama

Usilizuie gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga moto (pedali ya mafuta). Kanyaga breki, weka R, kisha shuka ulikotoka ukiwa umenyoosha usukani. Usiliache lirudi nyuma likiwa kwenye D.

Ukilazimika kusimama palepale mlimani, weka N huku umekanyaga breki, vuta hendibreki, achia breki ya mguu kidogo uone kama imeshika, ndipo uweke P. Ukianza na P, uzito wote wa gari unaegemea kikulabu kidogo cha chuma ndani ya giaboksi, na baadaye lever itagoma kutoka. Weka mawe nyuma ya magurudumu. Kumbuka pia kwamba transfa (sanduku linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) ikiwa kwenye N, P haizuii gari hata kidogo.

Hatua ya 2: Hakikisha ni giaboksi

Mtu asimame pembeni, mbali na njia ya gari, atazame magurudumu. Yakizunguka bila gari kwenda, shida ni mshiko wa matairi. Yakitulia huku mizunguko inapanda, giaboksi inateleza au transfa haijaingia vizuri. Mizunguko ikikataa kupanda, anza na injini.

Hatua ya 3: Poza bila kuzima injini

Ukiwa tambarare, weka P, vuta hendibreki, acha injini iungurume taratibu mpaka taa ya joto la giaboksi izimike. Pampu ya mafuta huzungushwa na injini. Ukizima, mafuta ya moto hayafiki kwenye kipoza. Kagua kipoza chenyewe pia, kwani tope likiziba mapezi yake hewa haipiti.

Joto la kawaida la mafuta ni takriban nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Yakipita 120 yanazeeka haraka; yakikaribia 150 sili zinakakamaa na pleti za klachi zinaungua. Joto hilo linatoka kwenye toki konveta, kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kupitia mafuta: gari likienda polepole na mzigo mkubwa, konveta haijifungi kuunganisha injini na giaboksi moja kwa moja, na nguvu ya injini inaishia kuchemsha mafuta. Ndiyo maana 4L (gia nzito ya magurudumu manne) huwekwa kabla ya kuanza kupanda, si baada ya kushindwa. Kwa magari mengi, simama kabisa, weka N, ndipo uingize 4L.

Hatua ya 4: Soma mafuta

Hapa usiwe na haraka. Gari liwe tambarare, mafuta yawe ya moto, injini iwe inawaka. Pitisha lever kwenye kila gia, rudi P, chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe, kisha isome upande wa HOT. Baadhi ya magari hupimwa injini ikiwa imezimwa, na mengine hayana dipstiki bali plagi inayofunguliwa mafuta yakiwa kwenye joto maalumu. Fuata kitabu cha gari lako.

Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Kwa mafuta mekundu:

- Mekundu na maangavu: mazima.
- Kahawia yenye harufu ya kuungua: pleti zimeteleza. Badilisha mafuta na filta, fungua sampo (bakuli la mafuta chini ya giaboksi) uangalie masalia. Vumbi laini kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida.
- Waridi kama maziwa: maji yameingia, ama kupitia mpira wa kupumulia wa giaboksi ulipovuka mto, ama kutoka kwenye rejeta. Usiwashe tena. Livutwe.
- Yenye povu: yamezidi, au pampu inavuta hewa.

Gari likiteleza pua ikiwa juu tu, kisha likapona tambarare, shuku upungufu. Mafuta hukimbilia nyuma ya sampo, filta inabaki inanyonya hewa, presha inaanguka. Ongeza aina iliyoandikwa kwenye kitabu, robo lita kwa robo lita, ukipima kila mara. Kujaza kupita kiasi ili "kusaidia mlimani" kunaleta povu na teleza ileile.

Hatua ya 5: Mafuta yakiwa mazima

Soma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari kwa mashine ya kusomea. P0218 ni joto la giaboksi kupita kiasi. P0741 ni hitilafu ya kufunga kwa konveta. Gari likiganda kwenye gia moja, kagua kwanza soketi na waya za giaboksi kama zimeloa au zimekatwa na mawe.

Mwisho ni kipimo cha konveta. Mafuta yawe ya moto, magurudumu yazuiwe, pasiwe na mtu mbele wala nyuma. Kanyaga breki yote, weka D, kanyaga moto wote kwa sekunde zisizozidi 5, soma mizunguko, kisha weka N injini ipoze mafuta. Mizunguko ikizidi kiwango cha kitabu, klachi zinateleza. Ikipungua, injini ni dhaifu au klachi ya njia moja ndani ya konveta imekufa, na hapo ndipo giaboksi inashushwa.