Kuzuru Ireland na Uingereza Peke Yako Majira ya Joto: Mwongozo kwa Msafiri wa Kisumu

Mkazi wa Kisumu aliyezoea kuvuka Busia au Malaba huujua mpaka kwa macho: foleni ya malori, madirisha ya uhamiaji, wabadilishaji wa pesa kando ya barabara. Mpaka wa Jamhuri ya Ireland na Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, hauna lolote kati ya hayo. Nilipopanda basi kutoka Dublin kwenda Belfast, dalili pekee niliyoiona baada ya kupita Dundalk ni kwamba mstari wa njano ukingoni mwa barabara ulikuwa umegeuka mweupe, na vibao vya mwendo vilikuwa vimeacha kilomita vikaanza kuhesabu maili. Hata hivyo, nilikuwa nimetoka nchi moja na kuingia nyingine, na Mkenya anayevuka hapo bila viza ya Uingereza amevunja sheria hata asiposimamishwa na mtu. Maafisa wa uhamiaji nao huweza kuingia ndani ya basi au treni wakaomba pasipoti.

Kwa sababu hiyo, omba viza mbili, ya Ireland na ya Uingereza. Ile ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, haifai katika nchi yoyote kati ya hizo. Maombi yote mawili huanzia mtandaoni, na mtu anaweza kuyawasilisha miezi mitatu kabla ya safari, kwa hiyo anayetaka kuondoka Julai aanze Aprili. Anayesafiri peke yake hutazamwa kwa makini zaidi kuhusu pesa zake na sababu za kumrudisha nyumbani: ambatisha taarifa za benki za miezi sita, barua ya likizo kutoka kwa mwajiri au cheti cha biashara. Ikiwa chama kilikupa zamu yako na akaunti ikapanda ghafla, weka barua ya chama inayoeleza fedha hizo zilitoka wapi. Fedha zisizo na maelezo huzua shaka kuliko akaunti ndogo iliyo wazi.

Panga njia iende upande mmoja tu. Viza ya Ireland ya kuingia mara moja hukwisha kazi ukishafika Belfast, hata kama siku zake hazijaisha, na huwezi kurudi Dublin kwayo. Basi anzia Dublin, nenda kwanza magharibi ukaione miamba ya Moher, inayofikia mita 214 juu ya bahari, ndipo upande kaskazini. Ukiwa Belfast, itengee Giant's Causeway siku nzima. Huko kuna nguzo za mawe zipatazo 40,000, nyingi zikiwa na pande sita, zilizotokea miaka milioni 60 hivi iliyopita lava ilipopoa na kupasuka. Aliyekulia karibu na volkeno ya Menengai atautambua ukoo wa mawe hayo. Kutoka Belfast kuna feri ya saa mbili na ushei hadi Cairnryan, Uskoti, halafu basi hadi Glasgow, treni hadi Edinburgh, na nyingine ya takriban saa nne na nusu hadi London, ambako ndege huja Nairobi moja kwa moja.

Malazi ndiyo hula pesa nyingi. Agosti Edinburgh hufurika watu kwa ajili ya matamasha yaliyoanza mwaka 1947, na bei za vyumba hupanda sana. Nenda Juni au Julai. Vyuo vikuu vingi hukodisha vyumba vya wanafunzi walio likizoni, na mtu mmoja hupata humo kitanda safi na mlango wa kufunga.

Jina "majira ya joto" lisikudanganye. Mchana wa Julai mjini Dublin hufanana na wa Molo, na mvua huja na upepo unaopindua mwavuli, kwa hiyo beba koti la mvua lenye kofia. Mwishoni mwa Juni jua la Edinburgh huzama karibu saa nne usiku. Sisi tuliozoea giza la saa moja husahau kula, kwa hiyo fuata saa ya mkononi, kwa kuwa mikahawa mingi hufunga jiko mapema.

Ireland hutumia euro, Ireland ya Kaskazini pauni. Noti zinazotolewa na benki za Belfast na Uskoti zitumie hukohuko, maana nyumbani ni vigumu kuzibadilisha. Soketi ni zilezile zetu za matundu matatu. Washa huduma ya laini yako nje ya nchi kabla ya kuondoka, la sivyo ujumbe wa benki wa kuthibitisha malipo hautakufikia. Mursik na nyama viache nyumbani, kwani haviruhusiwi kuingizwa. Namba ya dharura katika nchi zote mbili ni 999 au 112. Kila jioni waarifu watu wako mahali utakapolala, ukikumbuka kwamba Kisumu iko mbele kwa saa mbili: ukipiga saa tatu usiku, mama ataipokea saa tano.