Namna ya Kupinga Faini ya Kuegesha Gari Juu ya Njia ya Miguu au Nyasi Nchini Uingereza

Mpwa wangu alihamia London kutoka Leicester, na kabla hajamaliza wiki ya pili alikuta bahasha ya notisi imebandikwa kwenye kioo cha gari lake, kwa kuwa magurudumu mawili ya kushoto yalikuwa yamepanda njia ya waenda kwa miguu. "Mjomba, mtaa mzima hauna kibao hata kimoja cha kukataza," aliniambia, akiamini kwamba hapo ameshashinda.

Hatua ya 1: Soma notisi, usilipe kwanza. Angalia tarehe, mahali na namba ya kosa, ambayo kwa kawaida ni 62. Ukishalipa, shauri limefungwa.

Hatua ya 2: Tambua sheria inayotawala mahali ulipoegesha. Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima, nikipiga picha nguzo tupu ili kuthibitisha kwamba hakuna kibao, kumbe kwa London ushahidi huo haufai kitu. Sheria ya mwaka 1974 inakataza kuegesha hivyo katika jiji zima, kwa hiyo halmashauri hailazimiki kuweka kibao cha kukataza; kibao unachopaswa kukitafuta ni kile cha buluu kinachoruhusu, ambacho huonyesha kama ni magurudumu mawili tu au gari zima linaloruhusiwa kupanda, na eneo linaanzia wapi na kuishia wapi. Gurudumu moja linatosha kuwa kosa. Ukanda wa nyasi ulio kati ya njia ya miguu na barabara nao umo, hata kama wewe ndiye unayezikata nyasi hizo mbele ya nyumba yako.

Katika sehemu nyingine za England mambo ni kinyume: hakuna katazo la jumla, na halmashauri inayotaka kuzuia mtaa fulani hupitisha amri yake na kuweka vibao, kwa hiyo huko zile picha za nguzo tupu zina thamani kubwa. Lakini tahadhari: palipo na mistari ya njano, katazo lake haliishii kwenye lami, bali linafika hadi mwisho wa eneo la barabara, pamoja na njia ya miguu na nyasi. Uskoti nayo ina sheria yake ya mwaka 2019, ambayo halmashauri zimeweza kuitekeleza tangu Desemba 2023. Faini huko ni pauni 100, na hushuka hadi 50 ukilipa ndani ya siku 14.

Hatua ya 3: Piga picha siku hiyo hiyo. Usitegemee picha za mitaa zilizomo kwenye ramani za intaneti, kwa sababu huenda ni za miaka iliyopita. Mimi hupiga picha za kawaida, si video, nikianzia mwanzo wa mtaa na kutembea hadi gari lilipo, ili msomaji aone kile ambacho dereva aliweza kukiona. Tulipofanya hivyo, tuligundua kwamba upande ule ule kulikuwa na eneo la kibao cha buluu, ila kibao cha mwisho wa eneo kilikuwa kimemezwa na matawi, na gari la mpwa wangu lilisimama hatua chache tu kukipita.

Hatua ya 4: Wasilisha pingamizi ndani ya siku 14. Halmashauri nyingi huendelea kukupa punguzo la nusu zikilikataa pingamizi lililofika ndani ya muda huo. Napendelea fomu ya mtandaoni kuliko barua, na huhifadhi ukurasa wa uthibitisho. Andika hoja moja yenye picha. Habari za majirani wanaoegesha vivyo hivyo ziache. Kwa hoja ya matawi pekee, notisi ya mpwa wangu ilifutwa.

Hatua ya 5: Ukikataliwa. Subiri notisi inayotumwa kwa mmiliki wa gari, ambayo unajibu ndani ya siku 28. Ikikataliwa tena, una siku nyingine 28 za kukata rufaa kwa mwamuzi huru, bila ada. Ukinyamaza baada ya notisi ya mmiliki, faini huongezwa kwa nusu, kwa hiyo kama umehama nyumba, badilisha anwani kwenye kadi ya gari kabla ya kufanya lolote jingine.